Kidole cha Jeanine kwenye Tableti

Naona haya kuliandika hili. Jeanine, mwanafunzi wangu aliyekimbia vita Djugu, aliacha zoezi zima la kusoma bila jibu hata moja kwenye tableti mpya ya shule yetu, hapa Bunia. Nikaandika arudishwe darasa la chini.

"Mwalimu, masini inakataa vidole yangu," alisema.

"Masini haina uvivu, ni weye!" Darasa likacheka, nami nikajisikia hodari.

Mama yake alipokuja kumtetea kwa direktere, mkuu wa shule, nilikibonyeza mwenyewe kidole cha Jeanine kwenye kioo, mara tatu. Kioo hakikuitika. Ngozi ilikuwa ngumu, imepasuka.

"Tunapondaka kokoto pamoja," mama akasema.

Kidole kikiwa bado mkononi mwangu, Jeanine akasoma maswali yote kwa sauti, bila kukwama.