Kikapu cha Bi Asha

Leo nimerudishwa nyumbani mara mbili kwa kosa la kutembea.

Daktari kaniambia figo zangu zimechoka, nitembee nusu saa kila siku ili presha ishuke na miguu isilegee. Basi asubuhi nikashika njia ya Gombani.

Sikufika mbali. Jirani yangu Hamadi akasimamisha vespa.

"Yakhe, wenda wapi?"

"Natembea tu."

"Natembea tu! Na figo hizo? Panda, nikurudishe ukae kitako."

Nikapanda. (Najua mnanijua kwa ubishi. Leo sikuwa nao.)

Nikatoka tena. Dada yangu mkubwa akanishika mkono njiani, watu wanatazama.

"Wataka wanao wasemwe? Baba yao mgonjwa, wamemwacha azurure juani!"

Nimegombana humu ukurasani na wakubwa wa kila aina. Hawa nigombane nao vipi? Wananipenda. Kwetu kumpenda mgonjwa ni kumlaza, na mimi nikilala hivyo sitainuka.

Dada akanirudisha, nikakaa barazani, hoi.

Akapita Bi Asha wa nyumba ya pili, naye anaumwa figo, kashika kikapu. Akachungulia kama dada kaondoka, kisha akanifunulia. Hamna kitu ndani.

"Mwezi wa tatu natembea hivi. Mwenye kikapu haulizwi, aenda sokoni."

Kesho nami natoka na kikapu. Mkinikuta njiani nisalimieni, mnipite.

Na wewe Hamadi, najua unasoma. Ukishindwa kunipita, iache vespa utembee nami.