Maua ya Mtoni Nyuma ya Nyumba

Mama alipopooza upande wa kushoto, nilimteremsha kutoka kwake Matombo, mlimani, nikamleta kwangu mjini, Mwembesongo. Kila asubuhi nilimwogesha, nikambeba hadi kwenye kiti cha uani, na kila asubuhi aliniuliza tunarudi lini nyumbani. Mwanzoni nilimjibu vizuri. Baadaye nilichoka.

Nyuma ya nyumba yangu kuna kona isiyokauka mwaka mzima. Nilipanda mchicha pale, ukaoza. Siku moja nilipanda mlimani kukata ndizi za mama, nikarudi na mashina ya maua ya mwituni ya rangi ya waridi yanayoota kando ya kijito cha kwake. Sikuwa na wazo lolote kubwa. Nilitaka tu aangalie kitu kingine, aache kuniangalia mimi.

Yalinyauka yote. Joto la mjini liliyaua. Mama aliniambia, kwa ulimi wake mzito, nipande mgomba kwanza ili yapate kivuli, nichomeke mashina kwenye tope, na nisimwage tena hapo maji ya sabuni. Nikapanda tena mlimani, mgongo ukiniuma.

Safari hii yalishika. Vipepeo wakaja, na ndege wadogo waitwao chozi wakawa wanadonoa maua huku mama akiwafuata kwa macho. Vyura nao wakaja, na majirani wakaanza kulalamika kuhusu kelele na mbu. Kaka yangu aliposikia, alileta mkokoteni wa kifusi kufukia kona ile. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akamweleza taratibu kwamba ni kwa ajili ya afya yake.

Mama hakuitikia shikamoo. Alisema, "Ukimwaga hapo, mimi naondoka leo. Kwa miguu yangu."

Kaka alinitazama. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, kwa uchovu tu nadhani. Kifusi tukakitandaza mbele ya nyumba, penye mashimo. Halafu kaka alichukua jembe akachimba mfereji mwembamba ili maji yapite badala ya kutuama. Mbu walipungua. Vyura hawakupungua, na jirani mmoja hadi leo hanisalimii.

Mama bado anauliza tunarudi lini. Anauliza akishamaliza kuangalia maua, chai ikiwa imepoa. Namwambia sijui, mama. Kisha namwinua, kwa sababu jua limeshafika kwenye kiti.