Kanga za Waziri

Mwanangu, nakumbuka siku moja hapa Guangzhou, Uchina, ndevu zangu zikiwa bado nyeusi zote, tumekaa mgahawani mtaa wa Xiaobei, simu ya kaka yangu Salim ikalia. Aliyepiga alikuwa gavana wa kaunti yetu, anamwita Salim nyumbani awe waziri wa biashara. Mgahawa mzima ulilipuka kwa vigelegele. Kuanzia chai ile jina la Salim likafa, akawa Mheshimiwa. Hata mimi, niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, nilimwita hivyo.

Tulikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Sanyuanli, na wateja walimfuata yeye, si mimi. Akaiacha huku akicheka. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani husikia methali siku ya furaha?

Alipofika nyumbani akanipigia. "Nichapishie kanga za sherehe. Sura yangu iwe kubwa, watu wanijue. Na maandishi yake yawe: Waziri ni wetu, semeni mchoke."

Mzee Kombo, Mzanzibari aliyetutangulia sote katika biashara ya nguo huku, aliutazama mchoro, akaurudisha mezani.

"Chapisha maua, mwanangu," akaniambia. "Maua hayafukuzwi kazi."

Nilimwona ana kijicho. Nikaenda soko la vitambaa karibu na Kangle, nikachagua pamba bora, nikamganda laoban, mwenye kiwanda, atie rangi isiyochuja. "Mei wenti," akanijibu, hakuna tabu. Laiti bwana yule angekuwa mwongo!

Kontena likiwa bado melini, gavana akagombana na madiwani, akalivunja baraza zima la mawaziri. Kiti cha kaka yangu hakikuwahi hata kupata joto. Ngoma ivumayo haidumu. Hiyo yetu ilipasuka kabla hatujacheza. Kanga zikashuka Mombasa, waziri hayupo.

Wanawake walizichukua vivyo hivyo, pamba ni pamba. Wakabebea watoto, wakaanikia mihogo, zikaishia kupigiwa deki. Mke wa Salim alikwenda msibani, akakuta uso wa mumewe umetandazwa mlangoni, watu wanapangusia miguu. Tangu hapo Salim akajifungia ndani.

Nilimsihi arudi huku Guangzhou, ofisi bado ipo.

"Huko nitaitwa nani?" akaniuliza. "Mheshimiwa?"

Miaka imepita. Kila nikimpigia simu huuliza swali lile lile: "Zimeshachujuka?" Nami humgeuzia habari za mizigo, kwa sababu hazijachujuka. Watu waliambiwa waseme wachoke. Wanasema, na hawajachoka. Roho inaniuma, mwanangu, wala sioni dawa.

Sasa nasikia nawe umeitwa nyumbani upewe cheo. Sikukatazi. Cheo ni dhamana, kipokee kwa mikono miwili, ila mkeka wako usiukunje, na jina alilokupa mamako usimpe mtu akuwekee. Na siku nduguyo atakapopanda, awepo mmoja wa kumwita kwa jina lake la nyumbani, asije akalisahau. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa huyo.

Nenda, mwanangu. Mola akukunjulie njia, akusitiri kwa nguo yako mwenyewe, na akujaalie mtu wa kukuita kwa jina lako siku utakayoanguka. Amina.