Maoni Kuhusu Boda wa Stendi

Mimi hasira zangu ziko karibu. Mama anasema nilizaliwa nimekunja uso na mdogo wangu akazaliwa anacheka, basi Mungu akawa amegawa sawa. Naisema hii mapema ili tukifika pale nilipomfungia mtu mlango, msije mkashangaa.

Tulitengeneza seva ya gemu, mimi na yeye. Ni mchezo wa mtandaoni wa kuigiza maisha: unaingia, unajipa jina, unachagua kazi, halafu unaishi na wenzako humo ndani. Mmoja polisi, mwingine mama lishe, mwingine mnunuzi wa korosho. Seva za namna hiyo zipo nyingi, ila karibu zote ni miji ya Wazungu, maghorofa na magari yasiyo na paa. Mdogo wangu ndiye aliyesema, kwa nini tusiweke Nachingwea? Nikamuuliza nani atapoteza bando lake kuigiza maisha ya Nachingwea wakati anayaishi bure. Akacheka tu. "Utaona, kaka."

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na soko, kwa hiyo kompyuta ilikuwepo. Yeye alikuwa dereva wa bodaboda na kila njia aliijua kwa makalio. Akirudi jioni ananichorea: hapa kuna kona mbaya, hapa mchanga unateleza, hapa Nkowe kwa mama, hapa unakata kwenda Mkotokuyana. Mimi naijenga njia kwenye kompyuta, yeye amesimama nyuma yangu anakosoa. Nikiweka mwembe pasipo na mwembe, ananipiga kofi la kisogo. Mimi kaka yake!

Na pale kila mchezaji anapotokea akiingia, tukamweka yeye. Mgeni anashuka stendi, boda anamfuata. Sauti alirekodi mwenyewe, amejifunika blanketi gubigubi ili mashine ya kusaga ya jirani isisikike. Alitoka humo jasho linamtiririka. Maneno yenyewe ni haya: "Karibu Nachingwea, ntu wangu! Panda twende. Usinielekeze njia, hii njia naijua kuliko mkeo."

Alisema "ntu", hakusema "mtu". Kwetu hiyo m huwa inatuponyoka, hasa sisi tuliokulia Kimwera kwanza, Kiswahili tukakikuta shuleni. Nikamwambia arudie, watu watatucheka. Akagoma kabisa.

"Nikisema mtu, mama atajuaje kama ni mimi?"

Hakuiona seva ikifunguliwa. Lori lilimgonga kwenye barabara ya Ruangwa, alikuwa ametoka kumpeleka abiria. Tukamzika Nkowe kesho yake, haraka kama dini inavyotaka. Sitaki kuliongea zaidi ya hapo, hata sasa. Arobaini ilipopita nikafungua seva, kwa sababu sikuwa najua jambo lingine la kufanya na mikono yangu.

Nilianzisha kundi la wachezaji kwenye simu, nikaandika: tupeni maoni yenu. Jamani, watu wa huku wanajua kulalamika! "Korosho zenu zinaiva masika, nani kawadanganya?" Mwingine anataka tumruhusu anunue korosho za magendo, kangomba yenyewe, na mwenzake chini yake anataka polisi waongezwe ili wamkamate huyo huyo. Kijana mmoja wa wale wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa akaandika, "Ng'ombe wenu wanatembea kinyumenyume. Mmewahi kuona ng'ombe kweli?" Nilicheka peke yangu kibandani. Nikawarekebisha wale ng'ombe, korosho nazo nikazirudisha kwenye majira yake. Kila mmoja nilimjibu: tumepokea, tunalifanyia kazi.

Halafu yakaanza ya boda.

"Huyu boda anaongea sana, anatuchelewesha." "Ukitoka ukirudi ni yeye tena, khaa!" "Wekeni namna ya kumruka." "Rekebisheni hiyo ntu, watu wa Dar wanatucheka." Siku nzima, boda, boda, boda. Hakuna aliyejua. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote humo kwamba ile ni sauti ya marehemu, sikutaka pole za watu waliokuja kucheza. Hayo peke yake ndiyo maoni ambayo sikuyajibu. Nilikuwa nayasoma nikiona kama wamekuja kumzika mara ya pili, na safari hii nimesimama mlangoni nawazuia.

Maana alikuwa ananisubiri pale. Ukiingia, yupo. Na mama naye alikuwa amemzoea. Nikienda Nkowe, hata maji sijanywa, ananiambia, "Niwekee ntu wangu." Nafungua simu, naingia kama mgeni, mdogo wangu ananikaribisha Nachingwea. Mama anasikiliza ameangalia chini, anachezea ncha ya khanga. Ikiisha anasema, "Tena." Natoka, naingia tena. Siku moja tulifanya hivyo mpaka chaji ikaisha, na hakuna aliyemwambia mwenzake basi.

Sasa likaja lile tusi. Mchezaji mmoja aliyejiita kwa jina la ndege, mgeni kundini, aliandika hivi: "Huyo boda wenu mwambieni akakae ndani. Sauti kama debe lina mchanga, na miguu yake mipini ya jembe inatia aibu stendi nzima. Mlimwokota wapi? Mtupeni."

Lo! Niliona giza. Nilimtoa kundini, nikamfungia seva asiingie tena maisha yake yote. Mteja alikuwa amesimama anasubiri kopi za cheti, nikamwambia mashine mbovu. Nikafunga kibanda mchana kweupe, nikachukua pikipiki mpaka Nkowe. Nilitaka mtu wa kukasirika naye, na mama ndiye pekee aliyebaki.

Nilimsomea lile tusi neno kwa neno. Nilitegemea apige kelele, amlaani. Mama akaniangalia. Halafu midomo ikaanza kumcheza, mara akaangua kicheko. Mama yangu, ambaye tangu msiba hakuwa ameonyesha jino! Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka kicheko kikageuka kitu kingine na machozi yakamshuka, na bado anacheka.

"Kaja," akasema. "Mtani kaja."

"Mtani gani, mama? Huyu mhuni tu wa mtandaoni."

"Huko kwenye gemu yako mwanangu amevaa nini?"

"Suruali ndefu."

"Sasa huyo miguu yake ameiona wapi?"

Miguu ya mdogo wangu kweli ilikuwa myembamba. Kuna ukoo mmoja ambao na wetu ni watani tangu kwa mababu. Mtani anaruhusiwa kukutukana siku zote, na ukifiwa ndiyo inakuwa kazi yake. Baba alipokufa, mtani mmoja mzee alijilaza njiani mbele ya jeneza, akasema huyu marehemu alikuwa mvivu, tunambeba wa nini, ateremke atembee. Hakuondoka mpaka alipopewa jogoo. Watu walicheka huku wanalia, na baada ya hapo ndipo tukaweza kumzika baba. Mdogo wangu naye alikuwa na mtani wake, rika lake, walikuwa wakikutana sokoni wanatukanana mpaka wapita njia wanasimama. Siku ya mazishi yule mtani alikuwa machimboni, porini huko, simu haishiki. Tulimzika mdogo wangu kimya, bila mtu wa kumsema vibaya. Nilijua kuna kitu kimepungua siku ile ila sikujua ni nini.

Mama akafuta macho. Halafu akanigeukia.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemfukuza."

"Umemfukuza mtani msibani?" Alisimama kabisa. "Wewe ntu wa wapi wewe?"

Nilimfungulia pale pale, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti kama mtoto aliyechapwa. Nikamwandikia kwamba ni mimi, kaka mtu. Alipiga simu baadaye kidogo. Kwanza akanitukana, akasema uso wangu unatosha kukausha mihogo bila jua. Kisha akasema msiba aliusikia alipotoka machimboni, na sauti ya boda akaitambua mara moja. Mwishowe akasema Ijumaa atakuja Nkowe.

Alikuja kweli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakupiga hodi, wala salamu hakutoa. Alipita moja kwa moja mpaka ukutani ilikotundikwa kofia ya pikipiki ya mdogo wangu, akaivaa. Akalaza kinu cha mama uani, akakikalia, akashika usukani wa hewani, akaanza kunguruma. "Panda, ntu wangu! Usinielekeze njia!" Hata ile namna ya mdogo wangu ya kuinua bega moja akikata kona, aliipata. Majirani wakatoka. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, amejishika tumbo, anacheka, anamwambia jinga wewe, shuka kwenye kinu changu.

Alipochoka akabaki na ile kofia kichwani. Desturi ni kwamba mtani akishika kitu cha marehemu, mnakikomboa kwa kumpa anachotaka. Mama akamwonyesha jogoo.

"Jogoo wenu kakonda kama marehemu. Simtaki."

"Unataka nini sasa?" nikamuuliza.

Akanitazama mimi, hakumtazama mama. "Nyinyi watu wabaya sana. Mtu kafa, na bado mmemsimamisha stendi. Asubuhi yupo, jioni yupo, anaita abiria, na kila anayeshuka anamtukana. Hata kukaa kidogo hamumpi. Yule alikuwa mvivu, alipenda kulala. Mwacheni alale."

Hakuna aliyecheka. Hasira ilinipanda, nikafungua mdomo nimwambie hayamhusu, hakuwepo hata kwenye mazishi. Lakini mtani hakasirikiwi, na msibani ndiyo kabisa. Nikaufunga. Mbaya zaidi, alikuwa amesema kweli, na tusi lake ndilo peke yake katika yale yote lililokuwa linamwonea huruma mdogo wangu.

Mama ndiye aliyejibu. "Mpe mtani anachotaka." Sauti ilikuwa ndogo. Kisha akaniambia, "Ila kwanza niwekee. Mara moja."

Nikafungua simu. Tukainama juu yake watu watatu, mmoja na kofia ya pikipiki kichwani. Nikaingia kama mgeni. Mdogo wangu akasema, karibu Nachingwea, ntu wangu, panda twende, akamalizia na yale ya mkeo. Safari hii mama hakusema, "Tena." Aliweka kiganja juu ya kioo cha simu.

"Tangulia, ntu wangu," akamwambia. "Mimi nakuja."

Mtani akavua kofia, akairudisha ukutani yeye mwenyewe. Mikono yake ilikuwa inahangaika kupata ule msumari, nikamsaidia.

Kesho yake nikarudi Nachingwea, nikafungua kibanda, nikamtoa boda kwenye seva. Ni kazi ndogo sana, wallahi. Kumweka kulituchukua wiki nzima ya kubishana, kumtoa ni kubonyeza tu. Nilikaa nimeangalia ile stendi tupu mpaka mteja akanigongea meza.

Haikufika jioni kundi likaanza. "Boda kaenda wapi?" Wale wale! "Admini, boda wa stendi haonekani, au ni simu yangu?" "Jamani nilishamzoea." "Mrudisheni, gemu imepooza." Nilikaribia kuwatukana wote mmoja mmoja. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nikatuma hivi: "Alikuwa mdogo wangu. Alifariki kabla hatujafungua. Ameenda kupumzika." Lile neno alifariki sikuwahi kuliandika kabla ya hapo, hata kwa ndugu walio mbali. Walipigiwa simu na wengine.

Muda ukapita, nikajua nimewaharibia mchezo wao. Kisha likaja jibu la kwanza, la yule aliyekuwa akitusumbua turekebishe matamshi tusichekwe na watu wa Dar. Aliandika maneno machache tu.

"Pole sana, ntu wangu."

Na mwingine akaandika hivyo hivyo. Na mwingine. Yule kijana wa ng'ombe, ambaye kwao hawasemi hivyo hata kidogo, naye akaandika ntu. Yalishuka mfululizo, pole ntu wangu, pole ntu wangu, mpaka nikashindwa kuyasoma, na hapo mtani akaingia na jina lake la ndege: "Acheni kulia, washamba nyie. Kachoka kuwabeba bure." Nilicheka kwa sauti. Nikalaza kichwa kwenye meza, katikati ya makaratasi ya watu, nikalia kama nilivyotakiwa kulia siku tulipomzika.

Nilipomaliza nikanawa uso, nikaingia kwenye seva. Nilishuka stendi kama mgeni yeyote. Nikasimama pale kidogo, kwa mazoea, nikisubiri aniite. Kisha nikaanza kutembea kwa miguu kwenda sokoni, kwa njia aliyonichorea.