Nondo za Ghorofa ya Juu

Mama Futi hakuwa mtu wa kubishana naye. Jina lenyewe lilitokana na futi ya kupimia nguo aliyoitundika shingoni kutwa, hata akienda kwenye msiba, na mdomo wake haukuwa na breki. Mteja akileta kitambaa kidogo na kiuno kikubwa aliambiwa hapohapo, mbele za watu, na bado alirudi, maana kwa kushona mama yule alikuwa moto wa kuotea mbali. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo mdomo ule haukuwahi kulitoa. Kila jioni, akishafunika cherehani yake, alisikia mtu akitembea juu ya nyumba.

Nyumba ilikuwa ya chini, vyumba vitatu na baraza, na paa lake lilikuwa zege tupu, bapa kama sakafu. Huko juu, penye kila nguzo, zilichomoza nondo nne nne, zimepinda vichwa na kuota kutu. Unazijua nyumba za namna hiyo, hakuna mtaa usiokuwa nazo. Zile nondo zinangoja ghorofa ya juu, na watu wanazeeka nazo zikingoja. Aliyezisimamisha ni mumewe Mama Futi mwenyewe, fundi nondo. "Hizi ndizo za ghorofa yako," alimwambia mkewe, "wewe subiri tu." Mkewe akasubiri. Mume akafa kwa presha, ghafla, chai ikiwa bado mkononi, na nondo zikabaki zimesimama.

Enzi za uhai wake, akirudi kazini, kabla hata ya kunawa, alipanda juu kwanza. Atatembea, atasimama, atatembea tena. Mama Futi akiwa chini alijisemea, mwenzangu huyo anaiota ghorofa yake. Ndiyo maana baada ya mazishi, hatua zilipoanza tena jioni moja, hakupiga kelele. Alisema tu kama alivyozoea kumpokea: "Pole na kazi, baba." Tangu siku hiyo akampa pole kila jioni. Aliogopa, tusidanganyane. Mara nyingine alilala taa ikiwaka. Ila alichokiogopa zaidi ni jioni ambayo hatua zisingekuja.

Basi binti yake, wa pekee, akafunga virago kwa mume aliyepata mke mwingine, akarudi nyumbani na watoto wawili. Nyumba ikafurika. Watu walilala hadi chini ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mama, tupandishe juu," binti akasema.

"Tutapandisha, tena kwa zege, juu ya nondo za baba yako. Na ninyi mtalala humuhumu chini mpaka kazi iishe."

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi zege tangu ujana. Alitegemea mtu huyo aruke kwa furaha. Shemeji akapanda, akaziangalia zile nondo bila kuzigusa, akashuka.

"Shemeji, acha zege, weka nguzo za chuma."

"Wewe? Wewe uliyesema chuma ni cha mabanda ya kuku?"

"Nimezeeka. Chuma ni chepesi."

"Sema tu ndugu yako umeshamsahau."

Shemeji akainamisha kichwa, akaondoka bila kumaliza chai yake. Alirudi kesho yake na kauli ileile, na keshokutwa pia. Mama Futi alimnunia, na akifika kumjulia hali alijibiwa na cherehani.

Binti alipoona hivyo akamleta injinia, mama wa makamo mwenye maneno machache. Wakapanda juu wote, shemeji naye akiwa nyuma. Ilikuwa alasiri, jua linaanza kulegea. Injinia akazunguka, akaangalia, akaeleza taratibu. Zege ni zuri, alisema, limetulia na haliliwi na kutu upesi, lakini ni zito, na uzito wote utakalia nguzo za zamani. Chuma kingeweza kusimama pembeni, nje ya ukuta, kila nguzo na msingi wake, na sakafu mpya ipite juu ya nyumba bila kuiegemea. "Ila hizi nondo zitakuwa njiani. Itabidi zikatwe."

"Hazikatwi," alisema Mama Futi.

"Basi kama ni zege, niruhusu nibomoe kidogo hapa kwenye shina. Nataka kuona zimeshikwa na nini huko chini."

"Hutampiga mume wangu nyundo."

Lilimponyoka. Binti akamshika mkono. "Mama, baba alishafariki."

"Najua amefariki, mimi si kichaa. Lakini yuko hapa. Kila jioni anatembea hapa mnaposimama."

Injinia akatazama viatu vyake. Hapo ndipo shemeji, bila kuomba ruhusa, alipochukua nyundo na tindo kwenye mkoba wa injinia, akapiga magoti. Mama Futi akamkamata shati, likachanika begani. Hakugeuka. Alipiga kwenye shina la nondo ya kwanza mpaka zege likapasuka, akaiacha nyundo, akaishika nondo kwa mkono na kuivuta. Ikatoka, hivihivi, kama jino la mtoto. Sehemu iliyokuwa imezama ndani ilikuwa kiasi cha kiganja tu. Akang'oa ya pili, nayo ikaja.

"Chini hakuna kitu, shemeji. Nguzo zenyewe tulizifunga kwa vipande vilivyobaki kazini, vyembamba. Siku tunamimina paa ulipanda na chai, ukauliza, na za ghorofa ziko wapi? Kaka alishindwa kukwambia kwamba hazipo. Ulipogeuka tu akazichomeka, zege likiwa bado bichi."

Kutoka chini zilipanda sauti za watoto wakigombania kitu na kucheka. Injinia alisema polepole kwamba kama zege lingemiminwa, nguzo zingelibeba kwa muda, kisha zisingelibeba. Binti akakaa chini palepale, mikono kichwani.

Hasira zilimpanda Mama Futi. Mapazia ya madirisha ya juu alikuwa ameshayashona zamani, mumewe akimtazama, akimsifia rangi.

"Sasa alikuwa akipanda huku kufanya nini?" aliuliza.

"Kuziangalia. Hazikumpa usingizi zile. Alikuwa avunje aanze upya, maisha yakambana. Akaniapisha nisikwambie, akaniapisha tena nisimruhusu mtu yeyote kupandisha zege hapa." Shemeji alijifuta uso kwa shati lililochanika. "Nilisema chuma, shemeji. Nimesema mara ngapi?"

Miaka yote ile Mama Futi alidhani mtu wake anarudi kwa sababu yake, kumbe maskini alikuwa zamu, analinda uongo wake usije ukawaua. Hasira haikuondoka, lakini huruma ilimjaa. Akaenda pale katikati, alipozoea kusimama mumewe.

"Nimeshajua," alisema kwa sauti, mbele ya wote. "Na umeniudhi sana. Hatujengi kwa zege, tunajenga kwa chuma. Hakuna atakayeumia. Nenda kapumzike, baba."

Akamwambia injinia alete mafundi wake wakate nondo zilizobaki, akashuka.

Jioni ile alifunika cherehani mapema, akakaa akisikiliza. Giza likaingia, juu pakiwa kimya, wali ukapoa kwenye sahani, watoto wakalala. Binti akamkuta bado ameketi palepale, machozi yanamlowesha futi shingoni, akamuuliza kama bado analilia yale ya nondo.

"Hapana, mwanangu," alisema Mama Futi. "Baba yako amenisikia."