Shoka langu mkononi mwa askari

Leo nimempa askari shoka kwa mkono wangu mwenyewe.

Daktari ameniambia nipasue kuni kila asubuhi, moyo upate nguvu. Basi nilikuwa mbele ya nyumba, hapa Kasubi, ndiyo kwanza nanyanyua shoka.

Gari la jeshi likasimama.

Akashuka mmoja, mnene, bunduki begani.

"Mzee, lete hiyo shoka."

Wewe ungekataa? Nikampa. Mke wangu dirishani alishaanza kusali.

Askari akaegemeza bunduki ukutani kwangu. Akapasua gogo moja, la pili. La tatu likamshinda. Akakaa juu yake, anahema kama mtu aliyepanda kilima cha Lubaga mbio.

"Kwetu nilikuwa napasua kila siku," akasema. "Sasa ni kukaa kwa gari tu."

Nikamwambia kuni hizi ni dawa yangu ya moyo, nimeandikiwa na daktari.

Akanyanyuka pale juu ya gogo. Nikajuta kufungua mdomo.

"Basi kesho nakuja tena, mzee. Niachie hii gogo kubwa."

Akanirudishia shoka kwa mikono miwili, akachukua bunduki yake, akaenda zake.

Mimi sijapasua hata ukuni mmoja. Lakini moyo, jamani, umeshafanya mazoezi ya mwezi mzima.