Mpaka Aseme Imekaza

Mama wa bustani hazichezei kabichi zake za Kichina. Miche huihamisha jioni, mmoja mmoja, akishindilia udongo kwa kidole gumba bila kuufunika moyo wa mche, na kila asubuhi huokota viwavi huku akiwasuta kama mawifi: "Mmekula, mmeshiba, bado mnafungasha?" Lakini kuvuna havuni. Kubonyeza kabichi na kusema imekaza, ivunwe, ni kazi ya mumewe, na mumewe maradhi yamemlaza, mikono haina nguvu tena. Basi kila siku humkatia moja, humpelekea kitandani, naye hubonyeza na kusema, "Bado laini, mama." Siku ya nne kabichi zikaanza kupasuka shambani. Majirani wakamwambia, "Vuna, mwenzetu, mali inaoza!" Aliingia ndani na kabichi yake, akaweka kidole chake juu ya kidole cha mumewe, wakabonyeza pamoja.

"Imekaza," mzee akasema. "Hata ya jana ilikaza. Kidole changu ndicho kilicholegea. Kesho usiniletee, bonyeza mwenyewe."

Mama akachukua kisu. Mlangoni akasimama.

"Nitakuletea," akasema, akaenda kuvuna.